Asidi ya 4-bromobenzoiki, gramu 25: nzuri, ila soma namba kabla hujalipa

Nilinunua chupa hii kwenye duka moja la vifaa vya maabara hapa Mwanza mjini, kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa tatu ninaowaandalia mazoezi. Kufika maabara Nyegezi, ndipo naona lebo inasema 2-bromobenzoiki. Nikapiga simu. Muuzaji akanijibu, "Dada, ni ileile tu, hizo namba ni za kiwandani."

Si ileile, kaka yangu. Namba inaeleza bromini imekaa wapi kwenye pete ya benzini ukihesabu kutoka kwenye kundi la asidi. Fomula ni moja, C₇H₅BrO₂, uzito ni uleule, lakini ya 2 huyeyuka karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na ya 4 husubiri mpaka 252 hivi. Niliweka punje kwenye mrija, mashine ikafika 149 zikawa maji. Kesho yake nikapanda daladala kurudisha. Walibadilisha bila ugomvi, ila nauli na siku yangu hakuna aliyezirudisha.

Chupa ya pili ndiyo ninayoisifia. Unga mweupe, mkavu, umeyeyuka kwa 251 hadi 253. Ukiukoroga kwenye maji baridi hukaa tu kama unga wa muhogo uliokataa kuiva. Ongeza kaboneti ya sodiamu: povu linapanda, unga unageuka chumvi na kupotea majini. Hapo ndipo thamani yake kwa maabara maskini kama yetu, kwa sababu mmenyuko wa Suzuki, ule wa kuunganisha pete mbili, unafanyika humohumo kwenye maji, huhitaji kiyeyushi cha bei mbaya. Tulitia asidi ya fenilboroniki, inayoleta pete ya pili, na paladi kidogo mno (ni metali ya kuchochea mmenyuko, na ndiyo inayokula bajeti), tukapasha moto. Bromini inaondoka, pete ya pili inachukua nafasi yake. Dakika ya kumi umeme ukakatika, tukahamishia bika kwenye jiko la gesi, kijana mmoja akakoroga kwa fimbo ya kioo huku akilalamika mkono. Tukachuja kungali moto, tukadondoshea asidi hidrokloriki, na mango jeupe likajaa bika zima. Baada ya kulisafisha kwa ethanoli liliyeyuka kwa 222 hadi 224. Asidi ya bifenili-4-kaboksiliki hiyo, ile yenye pete mbili tuliyoitaka, sina shaka.

Mwanafunzi aliuliza kwa nini tusinunue yenye klorini badala ya bromini, bei yake ni nafuu. Kwa paladi ya kawaida klorini haiachii pete kirahisi. Iodini inaachia haraka, ila bei yake utaisikia mwenyewe. Bromini iko katikati. Mwingine alitaka kuitupia magnesiamu atengeneze Grignard, yaani magnesiamu iingie kati ya pete na bromini. Nikamzuia, maana hidrojeni ya asidi ingeiua Grignard papo hapo. Lazima kwanza uifunike hiyo asidi, yaani uizibe hidrojeni yake kwa muda.

Kasoro: kifuniko hakina kizibo cha ndani, na vumbi lake linawasha koo. Nilipima unga dirisha likiwa wazi, upepo wa ziwani ukanipulizia nusu gramu usoni. Nimekohoa mpaka saa ya chai.

Asidi naipa nyota nne. Duka mbili, na nitarudi, kwa sababu mbadala ni kuagiza Dar.