Kununua tabo ya gari la dizeli: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na nini cha kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi anayeingia Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala kutafuta tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) ya Hilux au Prado huonyeshwa vitu vitano vinavyoitwa kwa jina moja: tabo mpya halisi, tabo iliyosukwa upya, katriji (kiini cha tabo chenye shafti na magurudumu, bila magamba ya nje) peke yake, tabo iliyotumika kutoka Japani, na tabo mpya isiyo na jina la mtengenezaji anayejulikana. Bei zake zimeachana sana, na si ajabu muuzaji akaapa kwamba zote zitafanya kazi ileile. Nitazipanga hapa kwa daraja, kuanzia ile ambayo ningeifunga kwenye gari langu bila kusita hadi ile ambayo ningeikataa hata kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, mpangilio huo haumsaidii mtu ambaye hajajua tabo yake ya zamani iliuawa na nini, kwa sababu kilichoiua ile kitaiua na hii mpya, iwe imenunuliwa kwa bei yoyote.

Je, tabo ndiyo mbovu kweli?

Tabo huendeshwa na moshi wa eksozi unaozungusha gurudumu moja, na gurudumu la pili lililo kwenye shafti hiyohiyo husukuma hewa kuingia ndani ya injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana kasoro nyingi za tabo ni kasoro za oili, na nyingi zinazobaki ni za hewa; chuma chenyewe kuchoka kwa uzee ni jambo la nadra kuliko mafundi wengi wanavyosema.

Gari likikosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, anza na mabomba ya mpira yanayopeleka hewa kwenye intakula (kipoza hewa) na kuitoa huko kwenda kwenye injini. Bomba lililopasuka upande wa chini, usiouona, hutoa sauti ya kupumua kwa nguvu unapokanyaga mafuta, na dalili zake hufanana na za tabo iliyokufa. Mimi mwenyewe nimewahi kununua tabo nzima kwa ushauri wa gereji moja, kisha ikaonekana kwamba tatizo lilikuwa ufa wa urefu wa kidole kwenye bomba la namna hiyo. Tangu siku hiyo sikubali tabo ifunguliwe kabla mabomba yote hayajatolewa, kufutwa na kukunjwa kwa mkono mwangani.

Kwenye injini za kompyuta, fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa anaweza kukuta P0299, maana yake msukumo wa hewa ni mdogo kuliko unaotakiwa, au P0234, maana yake umezidi. Namba hizo hutaja dalili tu. P0299 inaweza kuletwa na bomba lililopasuka, na mpira mdogo wa vakyumu uliokauka, na filta ya hewa iliyoziba, na pia na tabo yenyewe. P0234 kwenye tabo zenye mabapa yanayojigeuza (vipande vidogo vinavyoelekeza moshi wa eksozi kwenye gurudumu) mara nyingi huashiria kwamba mabapa yamekwama kwa masizi, na hayo yanaweza kusafishwa bila kununua kitu kipya, mradi shafti iwe nzima.

Moshi wa buluu unahitaji subira zaidi. Ni kweli kwamba tabo inayovujisha oili huutoa, lakini ringi za pistoni zilizochoka huutoa pia, na kuna chanzo cha tatu kinachosahaulika: bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo likiziba, au hewa ya ndani ya injini ikikosa pa kutokea, oili hujaa na kulazimika kupita kwenye sili ambazo hazina kasoro yoyote. Oili kidogo ya kupakaza tu ndani ya bomba la hewa ni jambo la kawaida, lakini ukiinamisha intakula ikamwagika, hilo si la kawaida.

Mwisho wa uchunguzi ni mkono. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa bomba la hewa, shika nati ya gurudumu na uisukume mbele na nyuma: hapo usihisi mchezo (kulegea) wowote wa maana. Ukiisukuma kando, mchezo mdogo unaruhusiwa, kwa kuwa nafasi hiyo hujazwa na oili, lakini gurudumu lisiguse ukuta. Meno yaliyolika au kuvunjika yanaonyesha kwamba vumbi au kitu kigumu kimepita, na hapo kununua hakuepukiki.

Neno kwa wenye injini ya 1KD

Injini ya lita 3.0 ya D-4D, iitwayo 1KD-FTV, iliyofungwa kwenye Hilux, Prado na Fortuner nyingi, ina historia ambayo kila mnunuzi wa tabo yake anapaswa kuijua. Washa (pete bapa) za shaba zilizo chini ya nozeli za kupulizia dizeli zikishindwa kuziba, moshi wa moto hupenya na kuingia kwenye oili, oili hugeuka kuwa masizi mazito, na vipande vyake hushuka chini na kuziba chujio la pampu ya oili. Tabo huwa miongoni mwa vya kwanza kuumia, kisha hufuata beringi za injini. Mwenye gari hununua tabo, inakufa baada ya muda mfupi, hununua ya pili, kumbe chujio limeziba nusu. Kwa injini hii, sinunui tabo kabla chombo cha chini cha oili hakijashushwa na chujio kuonekana kwa macho. Kazi hiyo ni ya saa chache na gharama yake haikaribii bei ya tabo.

Madaraja

Nafasi ya kwanza ni ya tabo mpya halisi, na neno halisi lieleweke vizuri. Si lazima itoke kwenye boksi lenye nembo ya gari. Toyota hutengeneza tabo zake nyingi zenyewe, lakini Isuzu hutumia sana za IHI, Mitsubishi hutumia za Mitsubishi Heavy Industries, na tabo za Garrett zimefungwa kwenye Nissan Navara nyingi za injini ya YD25. Tabo ya Garrett iliyonunuliwa kwa wakala wa Garrett ni ileile ya kiwandani, na pengine kwa bei nafuu kuliko ya wakala wa gari. Linganisha namba iliyo kwenye kibao cha tabo ya zamani, wala usiridhike na umbo. Namba za Toyota za tabo huanza na 17201, na za Garrett ni tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu nne. Muuzaji akisema kwamba namba haijalishi mradi tabo inafanana, ondoka, kwa sababu tabo mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zikatofautiana ukubwa wa magurudumu au mpangilio wa mabapa.

Ya pili ni iliyosukwa upya na mtengenezaji mwenyewe, au na karakana yenye mashine ya kupima mizani ya shafti (kwamba haiyumbi inapozunguka) katika mwendo wa kasi. Garrett na BorgWarner huuza tabo za namna hii. Kwa gari la kazi lenye miaka kumi au zaidi, hili ndilo chaguo ninalolipendekeza mara nyingi, na pengo lake na la kwanza ni dogo kuliko pengo la bei. Dai karatasi ya kipimo yenye namba ya tabo yako. Karakana inayopima kweli haitasita kukupa.

Nafasi ya tatu inategemea aina ya tabo. Kwa tabo za kawaida zisizo na mabapa yanayojigeuza, kama ile ya 1KZ-TE ya Prado za zamani, katriji mpya iliyokwisha kupimwa mizani ni ununuzi wa busara, kwani hubadilishi magamba ya nje ambayo hayajaharibika. Kwa tabo zenye mabapa, katriji hushuka daraja: mabapa yanahitaji kurekebishwa kwa mashine inayopima mtiririko wa hewa, na bila hivyo gari litakosa nguvu kwenye mwendo mdogo au litaonyesha kosa kila mara, ingawa kila kifaa ni kipya.

Ya nne ni iliyotumika kutoka Japani. Najua wengi wataona ajabu kwamba naiweka juu ya tabo mpya isiyo na jina, lakini nasema hivyo kwa uzito wote. Chuma chake ni halisi, gurudumu lake lilipimwa kiwandani, na kasoro zake zinaweza kuonekana kwa kipimo cha mkono nilichoeleza. Isukume shafti, tazama meno kwa tochi pande zote mbili, ingiza kidole kwenye tundu la kutokea oili, na ukikuta masizi magumu, iache. Ikubali tu kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha.

Tabo mpya ya bei ndogo isiyo na mtengenezaji anayejulikana naiweka ya tano. Si kwamba zote hufa haraka. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana njia ya kujua ipi itadumu. Gurudumu likivunjika kwa kasi ile, vipande vyake huelekea kwenye injini. Na beringi zikiachia oili nyingi kuingia upande wa hewa, injini ya dizeli inaweza kukimbia yenyewe kwa kuunguza oili hiyo, na kuzima swichi hakuisimamishi.

Ya mwisho si tabo ya dukani, bali ni ile ya zamani kubadilishiwa sili na beringi juu ya meza ya gereji bila kipimo cha mizani. Ni nafuu kuliko zote, na mara nyingi hulipiwa mara mbili.

Wenye Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 wakumbuke kwamba injini hiyo ina tabo mbili, ndogo na kubwa, hivyo waulize kabla ya kukubali bei ni ya ipi.

Siku ya kufunga, na baadaye

Pamoja na tabo, nunua bomba jipya la kupeleka oili, gasketi zake, filta ya oili, filta ya hewa na oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bomba la zamani lina masizi yasiyoonekana, na kulisafisha kwa waya hakutoshi. Usimruhusu fundi kupaka silikoni kwenye viungo vya oili: hukatika vipande na kuziba matundu membamba ya tabo. Intakula isafishwe oili na vipande vyote vya chuma. Kabla ya kuwasha, oili imiminwe kwenye tundu la tabo, injini izungushwe kwa sekunde kumi hivi bila kuwaka, kisha iwashwe na kuachwa iungurume bila kukanyagwa mafuta kwa dakika chache.

Kwa barabara zetu, mimi hubadilisha oili kila kilomita 5,000, na filta ya hewa siipulizi kwa kompresa, kwa sababu karatasi yake hutoboka na vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye meno ya gurudumu. Baada ya kupanda mlima kama Kitonga na mzigo, usizime gari papo hapo ukisimama. Liache liungurume dakika moja au mbili ili oili ipoze shafti, la sivyo ile iliyobaki humo huungua na kuganda.

Tabo ya zamani usiiache gerejini. Ichukue pamoja na bomba lake, uziweke mpaka kilomita 1,000 za kwanza zipite. Kisha fungua bomba la hewa, uipime shafti tena kwa mkono, na uangalie kama kuna oili mpya kwenye kiungo cha intakula.