Injini ya lita 6.2: ya jeshi au ya kiraia?

Injini ya dizeli ya General Motors (GM), V8 (silinda nane) ya lita 6.2, ilianza kufungwa kwenye pikapu za Chevrolet mwaka 1982, ikaingia pia kwenye Humvee za jeshi la Marekani. Vyuma vikubwa ni vilevile. Tofauti ziko pembeni, na huko ndiko pesa inakoliwa.

Umeme kwanza. Ya kiraia ni volti 12. Ya Humvee ni volti 24, betri mbili zimeungwa kwa mfululizo. Usiazime starta wala alterneta ya mwenzake, utaunguza.

Ya jeshi imezibwa pia, gari livuke maji ya sentimita 76, au mita 1.5 likiongezewa vifaa. Kwa Dodoma, ambako makorongo hujaa siku chache tu kwa mwaka (tukijaliwa mvua), mimi siwezi kulipia hilo.

Pampu ya mafuta ndiyo yenye mvuto. Jeshi huchoma JP-8, jamii ya mafuta ya taa, yasiyolainisha vyuma kama dizeli. Pampu ya kawaida ikinyweshwa hayo huisha mapema, ndiyo maana ya jeshi imeimarishwa. Wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa wanajua ninachosema.

Kwa pikapu ya kubeba mahindi Kibaigwa, nafunga ya kiraia.