Mbolea ya ruzuku Moshi: punguzo ni la kweli, kasoro ziko daftarini

Kwa mkulima wa Moshi, inafaa kujisajili kupata mbolea ya ruzuku hata ukiwa na nusu ekari. Mpango ulipoanza msimu wa 2022/2023, mfuko wa kilo 50 wa Urea (mbolea ya kukuzia) au DAP (ya kupandia), uliokuwa umepita shilingi 120,000, ulishuka hadi 70,000. CAN na SA, nazo mbolea za kukuzia, zikawa 60,000 na 50,000. Mkulima hapewi fedha mkononi. Analipa bei iliyopunguzwa dukani, na Serikali inafidia tofauti kwa kampuni iliyoleta mbolea. Bei elekezi hubadilika kwa msimu na eneo, basi ulizia ya sasa kabla ya kutoa hela.

Udhaifu mkubwa uko kwenye usajili. Unaenda kwa uongozi wa kijiji au mtaa na kitambulisho, namba ya simu, idadi ya ekari na mazao unayolima. Mgawo unafuata ekari hizo. Hapa ndipo watu wa Kibosho na Old Moshi wanapopunjika: wanaandikisha kihamba cha migomba na kahawa, wanaacha shamba la mahindi la tambarare, hasa likiwa la kukodi. Masika yakikaribia, mfumo unawahesabia kihamba peke yake. Andikisha yote mawili, na uhuishe taarifa mapema. Mwezi wa tatu, foleni ikishajaa, marekebisho huchelewa na mbegu haisubiri.

Kosa la pili ni simu. Namba ya kununulia huja kwa ujumbe mfupi. Mzee akiandikishwa kwa laini ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam, ujumbe unaishia huko. Tena usimwachie wakala namba yako "akushughulikie": mifuko inaweza kusomeka imechukuliwa wakati hujabeba hata mmoja. Simama pale anaposoma msimbo wa kila mfuko, chukua risiti, kagua mshono. Mtandao ukikatika mauzo husimama, na kwa aliyepanda bodaboda kutoka mlimani hiyo ni nauli mara mbili. Mawakala wangesogezwa vijijini, kero hii ingepungua sana.

Kuhusu aina, usichague kwa bei ya mfuko. Urea ina naitrojeni, kirutubisho cha kustawisha majani, asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko. SA ina asilimia 21, kilo 10.5 tu. Kwa bei zile za 2022/2023, kilo moja ya naitrojeni ilikuwa kama shilingi 3,040 kwenye Urea na 4,760 kwenye SA iliyoonekana rahisi. Ila Urea lazima ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu. Ukiimwaga juu na jua likawaka, sehemu yake inapotea hewani. Mahindi yanatosheka na mfuko mmoja wa DAP kwa ekari wakati wa kupanda na mmoja wa Urea wa kukuzia.

Kwenye majaruba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, usiweke CAN: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na ndani ya maji yaliyotuama hupotea haraka. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti (kirutubisho cha mizizi) wa Manyara, hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali wa juu mlimani. Kwenye udongo wa magadi wa tambarare fosfeti yake haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo huko tumia mgawo wako kuchukua DAP.