Uzoefu wangu na pampu ya mkono ya kutoa upepo kwenye breki ya pikipiki

Nimeitumia pampu hii kwa miezi minane, mara tatu kwenye Pulsar 150 yangu na mara moja kwenye pikipiki ya jirani. Kilichonisukuma kuinunua ni mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, ambako mkono wa breki ya mbele, uliokuwa mgumu nilipoondoka, ulilegea kona baada ya kona hadi ukakaribia kugusa usukani. Siku chache kabla ya safari hiyo fundi alikuwa ameniongezea mafuta ya breki kutoka kwenye chupa iliyokuwa imekaa rafuni bila kifuniko, nami nilimtazama nisiseme neno. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishashika maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu, na yakichemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya gurudumu, hutoa mvuke ambao, tofauti na mafuta yenyewe, hubonyea unapokamata breki. Tangu siku hiyo kazi ya kutoa upepo naifanya mwenyewe nyumbani.

Pampu niliinunua Kariakoo kwa shilingi 55,000, ikiwa na geji, kichupa cha kukusanyia mafuta machafu, mirija miwili inayoonyesha ndani na viunganishi vya mpira.

Katika kubadilisha mafuta yote, inafanya kazi nzuri sana. Nilifunika tangi kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi, nikageuza usukani mpaka kikopo cha mafuta cha masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani, kikawa sawa, kisha nikafungua skrubu zake kwa bisibisi inayoenea barabara, maana vichwa vya skrubu hizo ni laini na vikishaliwa utahangaika. Nilivuta pampu hadi mshale wa geji ukapita katikati, nikalegeza nipeli ya kalipa, ile skrubu yenye tundu la kutolea mafuta na upepo, robo ya mzunguko kwa spana namba 8, na mafuta yakaanza kutembea kwenye mrija. Yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyolala. Baada ya dakika chache nikaona mahali yanapokutana: nyuma ya ule weusi unakuja mstari wa rangi ya asali nyepesi, unausukuma mbele mpaka mrija wote unang'aa. Muda wote huo jicho lilikuwa pia kwenye kikopo, kwa sababu kikikauka upepo huingia kutoka juu na kazi yote inaanza upya.

Shida ilijitokeza nilipotaka kujua kama upepo umekwisha. Viputo havikukoma. Nilimaliza karibu chupa nzima ya nusu lita nikivifukuza, huku mkono wa breki ukiwa tayari ni mgumu, ndipo nikagundua kwamba pampu ilikuwa ikivuta hewa ya nje kupitia nyuzi za nipeli iliyolegezwa. Viputo vya namna hiyo ni vidogo, vinalingana na hufuatana bila kukatika, ilhali upepo wa ndani ya breki huja kwa mafungu kisha ukapotea. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu jambo hili, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa la bidhaa hii, kwa sababu mtu mgeni anaweza kudhani kalipa yake imeharibika akaenda kununua nyingine. Kupaka grisi nzito kuzunguka shina la nipeli kulipunguza viputo sana.

Kwa hiyo sasa pampu naitumia kuvuta mafuta ya zamani tu, na mwisho namalizia kwa mkono: nakamata breki, nalegeza nipeli, nakaza nipeli, ndipo naachia breki, wala siachii kabla ya kukaza. Upepo unaojificha juu kabisa, kwenye boliti inayounganisha mpira wa breki na masta silinda, hauvutiki kirahisi kutoka chini kwa kuwa asili yake ni kupanda. Huo nauondoa kwa kuufunga mkono wa breki kwenye usukani kwa kipande cha tyubu usiku kucha, na asubuhi naukamata taratibu mara kadhaa huku nikigongagonga boliti ile. Nimeshashuka tena Mombo baada ya kufanya hivyo, na mkono wa breki ulibaki palepale hadi chini.

Kwa anayebadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili kwenye pikipiki moja, mrija wa kawaida na spana vinatosha, na fedha iliyobaki anunue chupa ndogo ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Kwa mwenye pikipiki mbili au tatu, au aliyefungua kalipa mfumo ukakauka kabisa, pampu hii inastahili bei yake. Kiunganishi kimoja cha mpira kimeanza kupasuka kwenye mdomo, nami nimeshindwa kukipata peke yake dukani bila kununua seti nzima.