Kete za sataranji za Staunton nilizoagiza India: farasi wa kweli, eboni ya kupaka

Nimezitumia miezi minane sasa, karibu kila Jumamosi jioni, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema. Kabla ya hapo tulikuwa na kete za plastiki zile nyepesi, ukiwasha feni namba tano askari wanaanguka wenyewe. Farasi mmoja alishapotea, tukawa tunaweka kifuniko cha soda mahali pake. Siku mgeni alipokiondoa kile kifuniko ubaoni akidhani ni takataka, nikasema basi. Nikaagiza seti ya mbao kutoka Amritsar, Punjab, mji ambao mafundi wake huchonga kete za kuuzwa dunia nzima. Nilichagua nakala ya mtindo wa Staunton wa 1849, mfalme sentimita 9.5. Pamoja na usafirishaji na ushuru ilinitoka kama laki nne na nusu.

Nilipofungua sanduku nilianza na farasi, na wewe ukinunua anza na farasi. Kete nyingine zote, kuanzia askari mpaka mfalme, hukerezwa: mti unazunguka kwenye mashine, fundi anaupitishia chuma, umbo linatoka. Farasi hakerezwi. Kitako chake tu ndicho kinachozungushwa; kichwa kinachongwa kwa mkono, na kuna mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu. Ndiyo maana seti mbili zinazofanana kabisa pichani zinaweza kupishana bei mara tatu. Tofauti yote iko kwenye vichwa vinne. Wangu wana pua zilizopanuka kama wametoka kukimbia, taya lina mfupa, manyoya ya shingo yamekatwa mkato mmoja mmoja. Mmoja wa weupe anaangalia kushoto kidogo kuliko wenzake. Sijalalamika, huyo ndiye nimpendaye. Inasemwa kwamba aliyebuni farasi huyu aliwaiga wale wa marumaru waliotolewa hekalu la Parthenon kule Athens na kupelekwa makumbusho ya London, na ukiziweka picha pamoja ni vigumu kubisha.

Watu wengi hudhani Staunton ndiye aliyezichora. Hapana. Howard Staunton alikuwa mchezaji, Mwingereza aliyejipatia jina baada ya kumfunga Mfaransa Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843. Mchoro uliandikishwa tarehe 1 Machi 1849 kwa jina la Nathaniel Cooke, na kampuni ya John Jaques ya London ikaanza kuziuza Septemba mwaka huohuo. Cooke alikuwa mtu wa gazeti la Illustrated London News, na nani alikuwa na safu ya sataranji kwenye gazeti hilo? Staunton. Akazisifu safuni, saini yake ikabandikwa kwenye masanduku, jina likaganda. Matangazo ya watu maarufu hayakuanza na simu zetu.

Lakini sifa zilikuwa za haki. Kabla ya hapo London ilikuwa na kete zake, Paris zake za Régence, Wajerumani zao za Selenus, nyembamba zenye maua juu ya maua, ukizigusa zinayumba. Kwenye zile za Kiingereza zilizoitwa St George, kete ni kama visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, malkia na askofu unawatofautisha karibu kwa kimo tu. Mtu akialikwa kucheza na seti ya mwenzake anapoteza malkia kwa kutomtambua. Staunton ilimaliza shida hiyo kwa kumpa kila mmoja alama moja kichwani: msalaba kwa mfalme, taji kwa malkia, kofia iliyopasuliwa kwa askofu, mnara kwa ngome. Chini wote wana kitako kipana. Unatazama ubao wote kwa jicho moja na unajua nani yuko wapi. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, mpaka leo linapendekeza kete za mtindo huu kwenye mashindano yake.

(Baba mdogo, aliyekaa Muscat miaka mingi, hakubali habari ya askofu. Kwake yule ni tembo, kama Waarabu wanavyomwita, na ule mpasuko kichwani anasema ni mdomo.)

Kitu kingine nilichofurahia ni vitaji. Kila upande una farasi mmoja na ngome moja zenye kitaji kidogo kilichogongwa juu, ukubwa wa punje ya mtama. Waingereza wa wakati ule waliandika mchezo kwa kutaja "farasi wa mfalme" au "ngome ya malkia", na baada ya hatua ishirini huwezi kukumbuka yupi ni yupi. Kitaji kinakwambia. Leo hakina kazi yoyote, na nimefurahi kuwa mafundi hawakukiondoa.

Sasa nije kwenye weusi. Muuzaji aliandika eboni, yaani mti mweusi wenyewe kwa asili. Sisi huku eboni na mpingo tunavichanganya, ingawa mpingo wetu ni mti mwingine, ndugu yake sheesham wa India. Nilijua tofauti hiyo, na kwa bei ile niliamini nitapata eboni halisi. Wiki ya tatu, joto la Dar likiwa limepamba moto, baba mdogo akamaliza mchezo, akajifuta jasho, akabaki na mstari mweusi juu ya nyusi. Nikachukua pamba, nikatia spiriti, nikamsugua malkia mweusi kiunoni. Pamba ikawa nyeusi. Nikabandua ukingo wa kitambaa cha kijani chini ya askari mmoja: ndani mti ni wa rangi ya siagi, boksiwudi ileile ya weupe.

"Mwanangu," akasema baba mdogo, "hii ni dawa ya viatu hii."

Ujanja huo tunaujua kwa wauza vinyago wasio waaminifu, na bado nikapigwa. Nilidanganywa na uzito. Mpingo ukiutupa majini unazama, kwa hiyo mkono wangu ulizoea kwamba kizito ndicho cha kweli. Kete hizi nazo ni nzito, ila uzito ni wa chuma kilichofukiwa kitakoni ili zisianguke. Ngome moja nilipoiangusha sakafuni, chuma chake kililegea. Ukiitikisa inalia kama njuga.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba alimaanisha mti "uliotiwa rangi ya eboni", akanirudishia sehemu ndogo ya hela. Nimezipaka nta mara mbili, rangi haitoki tena mikononi, isipokuwa kwa yule malkia niliyemsugua, ambaye kiuno chake sasa ni cha kahawia.

Ubao sikuagiza huko, ni mzito kusafirisha. Fundi seremala wa mtaani alinitengenezea. Kipimo nilichompa ni kile cha FIDE: askari wanne wasimame pamoja ndani ya nyumba moja, yaani mraba mmoja wa ubao. Alinitazama kama mgonjwa, akakaa na wanne wangu mfukoni siku mbili, akarudi na nyumba za sentimita 5.8. Wanakaa sawasawa.

Ningeagiza tena? Ndiyo, kwa fundi yuleyule wa farasi, ila ningechukua weusi wa sheesham, kahawia kama ulivyo, bila rangi, na bei yake ni chini. Ukiona neno eboni, mwombe muuzaji picha ya kitako kabla hakijabandikwa kitambaa. Asipotuma, umeshajibiwa.