PTM7950 au pesti ya kijivu? Dawa ya laptopu ya gemu inayojizima kwa joto la Kisumu

Laptopu ya gemu ikipelekwa kwa fundi kwa sababu inajizima katikati ya mechi, mara nyingi hurudi imepakwa pesti ya kijivu ya bei rahisi, kama HY510, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Hutulia kwa muda, kisha shida hurudi ile ile. Karatasi ya Honeywell PTM7950, inayopitisha joto na kulainika ikipata moto, inastahili kuchukua nafasi ya pesti hiyo, ingawa bei yake ni mara kadhaa zaidi. Hata hivyo, karatasi nzuri juu ya mashine chafu ni pesa iliyotupwa, kwa hiyo tuanze na uchafu.

Feni ya laptopu huvuta hewa kutoka chini na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyo ukingoni. Vumbi hujikusanya upande wa ndani wa mapezi, kati ya feni na shaba, mahali ambapo ukichungulia kutoka nje huoni kitu. Ukiifungua feni unakuta kitambaa kizima cha kijivu, kinene kama blanketi la mtoto, na kwa nyumba za karibu na ziwa mara nyingine kina mabawa ya wale wadudu wanaovamia taa usiku. Kinabanduka kwa kibano kama ukanda mmoja. Fundi anayepuliza kwa blowa kutoka nje bila kufungua hukirudisha tu ndani, na feni isiposhikwa kwa kidole huzungushwa kupita kiasi na kuharibu beringi. Kwa hiyo muulize jambo moja kabla hujamwachia mashine: utaitoa feni? Akisema si lazima, beba laptopu yako.

Sasa pesti. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani; silikoni iko wazi, na kati yake na shaba ni pesti tu. Prosesa ya Intel i7-9750H, kwa mfano, ina takribani milimita 150 tu za mraba za kutolea wati 45, na zaidi ya hapo inapojikaza. Kila inapopata moto na kupoa, shaba na silikoni hutanuka kwa viwango tofauti, na mwendo huo husukuma pesti nyepesi pembeni kidogo kidogo. Ukiifungua unaona katikati pamebaki patupu, pesti yote imejilundika kingoni. HY510 hutajwa kupitisha wati 1.93 kwa mita kwa kila nyuzi. MX-4, pesti nyingine maarufu, na PTM7950 zote hutajwa 8.5. Hivyo, kwa tarakimu za watengenezaji, MX-4 na karatasi ziko sawa. Karatasi inashinda kwa kukaa mahali pake: ni ngumu ikiwa baridi, inalainika karibu nyuzi 45, inajaza mikwaruzo yote, halafu haitoroki. Lenovo yenyewe imeiweka kiwandani kwenye baadhi ya laptopu zake za gemu za Legion.

Kasoro yake ni uwekaji. Kwa hali ya hewa ya Kisumu karatasi huwa laini tayari mkononi, na plastiki ya kinga hung'oka nayo. Itie kwenye friji dakika 15 kwanza. Tenganisha betri kabla ya kugusa kitu chochote, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 20, kisha legeza skrubu za bomba la shaba, lile linalobeba joto hadi kwenye mapezi, kwa kufuata namba zilizochapwa, kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Futa pesti ya zamani kwa isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa nyingi ina maji mengi, na nyingine ina mafuta yanayobaki juu ya chipu. Kata karatasi izidi chipu kwa milimita moja kila upande, toa plastiki ya kwanza, ibandike, ipoze tena kidogo, kisha vuta plastiki ya pili kwa selotepu. Usiache kipande chochote cha plastiki: ni kosa dogo linaloipeleka mashine nyuzi 100 mara tu inapowashwa. Funga skrubu kwa mpangilio wa namba, nusu mzunguko kila moja, hadi zote zibane.

Usiihukumu siku ya kwanza. Inahitaji kupashwa moto na kupozwa mara kadhaa ndipo ienee vizuri, na wengi hukata tamaa mapema wakidhani wameuziwa feki. Feki zipo kweli. Kipande kidogo kikiwekwa juu ya kikombe cha chai ya moto kinapaswa kulainika na kunata. Kikibaki kama mpira, si yenyewe.

Mtego mwingine ni pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto, za kumbukumbu ya kadi ya picha na za saketi za umeme. Zilizochanika hubadilishwa kwa unene ule ule, milimita 0.5, 1 au 1.5. Ukiweka ya 1.5 palipokuwa na ya 1, bomba la shaba huinuka na haligusi tena prosesa sawasawa. Dalili huonekana kwenye HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine: kiini kimoja cha prosesa kina nyuzi 90 na jirani yake 70.

Ukifungua ukaona juu ya chipu kimiminika kinachong'aa kama zebaki, simama. Hicho ni metali ya kimiminika, kinapitisha umeme na kinaila alumini. Baadhi ya laptopu za gemu za Asus ROG hutoka nacho kiwandani.

Na kuna mashine ambazo hakuna karatasi itakayozisaidia. Prosesa ya Intel ikifika takribani nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza. Kuzima kabisa ni kinga ya baadaye. Kwa hiyo inayojizima moja kwa moja huwa na tatizo kubwa: feni imekufa, bomba la shaba halijagusa, au saketi ya umeme imebaki bila pedi. Washa HWiNFO irekodi kwenye faili, cheza hadi izime, kisha soma mstari wa mwisho. Kama joto la prosesa lilikuwa nyuzi 75 tu, tafuta kwenye chaja, soketi yake au saketi ya umeme, pesti haihusiki.

Stendi ya feni husaidia kidogo, na kazi yake kubwa ni kuinua laptopu kutoka kitandani. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, chumba huwa baridi zaidi lakini hewa ni nyepesi, hivyo feni husukuma hewa pungufu kuliko Kisumu yenye mita 1,131. Bado Kisumu ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kila nyuzi ya ziada chumbani huongeza karibu moja kwenye chipu.

Unapoichukua laptopu dukani, usikubali kuonyeshwa skrini ya Windows tu. Omba Cinebench, programu inayoifanyisha prosesa kazi nzito, iendeshwe dakika kumi mbele yako, chaja ikiwa imechomekwa, na uweke kiganja kwenye tundu la pembeni. Upepo utoke wa moto. Ukitoka wa uvuguvugu ilhali HWiNFO inaonyesha nyuzi 97, joto halijafika kwenye mapezi, na kifuniko kifunguliwe tena hapo hapo.