Sponji ya kung'arisha viatu kwenye ngozi orijino: angalia hii kabla hujapaka

Wadau mambo vipi, karibuni tena, leo nina hiki kidude mkononi mnakijua wote, sponji ya kung'arisha viatu, ile ya kwenye kiboksi cha plastiki, kila kituo cha daladala ipo na Kariakoo ndo usiseme, buku mbili unaondoka nayo. Kutumia sielezi, unafungua unapaka kiatu kinawaka. Kinachonikera ni mtu ana kiatu cha ngozi kweli, ngozi ya ng'ombe, kimemtoka laki na kitu, halafu anakipaka hii kila asubuhi akiamini anakitunza. Hukitunzi ndugu yangu!

Ngoja nisogeze kamera. Huu ni mkanda wa ngozi tupu, haujapigwa rangi juu, ngozi yake imetengenezwa kwa dawa ya magome ya miti, ile njia ya zamani, na ile miwati mnayoiona mkienda Njombe magome yake ndo yanatoa hiyo dawa. Haya, kushoto nimepaka sponji, kulia sijapaka kitu. Nadondosha maji. Kulia tone linazama, ngozi inakuwa nyeusi pale, msiogope ikikauka inarudi. Kushoto tone limekaa juu kama liko kwenye jani la mgomba. Najua kuna watu washaanza kuandika kwenye komenti "si ndo vizuri haipitishi maji", subirini kwanza.

Nimeukausha, sasa krimu ya kulainisha ngozi ya viatu, siyo ya kupaka mwilini, kidogo tu, saizi ya punje ya hindi. Kulia nasugua kwa kidole... imekunywa, nikikunja hapa oneni ilivyolainika. Kushoto nasugua, nasugua, inateleza tu, nikipitisha kitambaa krimu yote hii hapa imerudi kwenye kitambaa. Yaani haijaingia! Sponji hizi nyingi zinalowekwa mafuta ya silikoni, yanatandaza utando juu, na unaouona unang'aa ni huo utando. Chini yake ngozi inakauka polepole, na pale kiatu kinapokunjika ukitembea ndo inaanza kupasuka. Halafu siku ukimpelekea fundi akupigie rangi upya, rangi inagoma kushika sawasawa, muulizeni fundi viatu yeyote.

Lakini nisiionee, kwa kiatu cha reksini au plastiki haina shida kabisa, hakuna cha kulisha mle, mtoto anawahi shule mpitishie aende zake. Kwa hiyo siyo bidhaa mbaya, hapana... inauzwa kwa watu isiowafaa, na kwenye kiboksi wameandika "ngozi" kwa herufi kubwa, hapo ndo wananiudhi.

Mtaniuliza Kiwi. Kiwi ipo tangu 1906, ilianzia Australia, ni nta hasa, inang'arisha na inakinga, ila nayo hailainishi ngozi, kwa hiyo krimu kwanza, iache inywe, ndo upake Kiwi nyembamba na upige brashi. Kabla ya vyote toa vumbi, ukipaka juu ya vumbi unasugua mchanga kwenye ngozi. Suedi, ile ngozi yenye manyoya laini juu, usiipake chochote kati ya hivi. Na wale wa mafuta ya kula jamani acheni, yanachacha, yanabadili rangi, yanavuta vumbi. Kiatu kikilowa jaza magazeti ukianike kivulini, jua la Dar linakikausha hadi kinakuwa mbao.

Bei: krimu ni ghali kuliko sponji, siwadanganyi, kopo dogo mimi nimenunua elfu kumi na tano, ila unapaka mara moja kwa mwezi na linakaa muda mrefu sana. Ukiwa tayari umeshapaka sponji, osha na sabuni ya kusafishia ngozi ya viatu, rudia kidogokidogo, utando unapungua.

Wiki ijayo mikoba ya mtumba yenye ukungu, mmeomba sana kwa sababu ya masika, na laivu ya Jumapili ipo saa mbili usiku, njooni na picha za viatu vyenu nivione.